Kufunga Ramadhani ya kaskazi bila kukauka: maji na chakula kutoka futari hadi daku

Shaabani ikikaribia kumalizika, maswali huwa ni yale yale. Ninywe lita ngapi daku ili nisione kiu? Chai nayo inahesabika kuwa maji? Mbona kichwa kinanigonga kila ikifika saa 8 mchana? Nimeyakusanya majibu hapa kwa mpangilio wa kufuata usiku kwa usiku, hasa kwa ajili yako unayefunga huku kazi yako ni ya jua au ya moto: dereva wa bodaboda, fundi ujenzi, mchuuzi wa sokoni, mama anayesimama jikoni tangu alasiri.

Na tutazidi kuyahitaji. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Ya 2026 ilianza Februari 18 au 19 kutegemea mwandamo, ya 2027 inatarajiwa karibu na Februari 8, ya 2028 mwishoni mwa Januari, na mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Kwa mtu wa pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, hiyo ni miaka mfululizo ya kufunga katika kaskazi, msimu wa joto lenye unyevu ambapo jasho linatoka hata ukiwa umekaa kivulini.

Jambo la kulishika kabla ya yote ni hili: maji ya kesho hunywewa usiku kucha, kidogo kidogo, na sehemu yake nzuri huliwa. Mwili hauna ghala la kuweka maji ya ziada. Ukibugia lita nzima dakika chache kabla ya adhana ya Alfajiri, figo zina uwezo wa kutoa karibu lita moja kwa saa, kwa hiyo mengi ya maji hayo utayaacha chooni kabla jua halijapanda.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Chupa ya lita moja na nusu kwa kila mfungaji, yenye jina lake. Jagi la familia halikuonyeshi nani amekunywa na nani hajanywa. Chupa yako ikiwa bado imejaa saa 4 usiku, unajua mara moja kwamba umechelewa.

Glasi unayoijua ujazo. Humu nikisema glasi nakusudia robo lita, yaani mililita 250. Pima mara moja kwa chupa ya nusu lita: ikijaza glasi mbili barabara, ndiyo hiyo.

Maji salama ya kutosha usiku mzima. Chemsha mpaka yatokote, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, au tumia vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtu aliyefunga akipata tumbo la kuendesha, anapoteza katika saa chache maji aliyoyakusanya usiku wote. Kama una mtungi wa udongo, huu ndio wakati wake. Unapooza maji bila umeme, na maji ya mtungi hunyweka kwa urahisi kuliko yale ya moto ya chupa iliyoachwa juani.

Tende, nafaka ya uji (mtama, ulezi, mchele au ngano), matunda yenye maji mengi, matango na nyanya. Weka na pakiti mbili tatu za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kutoka duka la dawa. Unaweza usizifungue mwezi mzima, lakini ziwepo.

Na kama una kisukari, ugonjwa wa figo au wa moyo, au unameza dawa za presha zile zinazokojoza, nenda ukamwone daktari wako kabla ya mwezi kuandama. Dawa huenda zikahitaji kubadilishwa saa au kipimo. Wenye ugonjwa wa moyo na wa figo wapo waliowekewa kiwango cha maji kwa siku. Kwao hesabu nitakazotoa hapa hazifai, wafuate ile ya hospitali. Mjamzito na anayenyonyesha nao wazungumze na kliniki yao.

Kiasi gani?

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, mwaka 2010, ilipendekeza jumla ya lita 2 kwa siku kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume, vinywaji na chakula vikiwa pamoja, kwa mtu asiye kwenye joto kali wala kazi ngumu. Anayenyonyesha akaongezewa mililita 700. Sisi tuko kwenye joto, kwa hiyo chukulia hizo kuwa za chini. Kwa mtu mzima mwenye afya ninapendekeza glasi 8 za kunywa kati ya futari na daku, ambazo ni lita 2, na chakula chenye maji juu yake. Anayefanya kazi juani aongeze glasi mbili au tatu.

Hatua kwa hatua

1. Anza na kahawa, wiki moja kabla

Yale maumivu ya kichwa ya siku tatu za mwanzo, kwa watu wengi yanatokana na kukatiwa kahawa au chai ghafla. Kama umezoea vikombe vinne tangu asubuhi, ondoa kimoja kila baada ya siku mbili, ukianza na cha mchana. Ukifika mwezi mosi ukiwa na kikombe kimoja cha jioni, kichwa hakitakusumbua sana.

Ama swali la kama chai inahesabika: ndiyo, inahesabika. Kwa aliyeizoea, chai au kahawa ya kiasi haimkaushi, maji yaliyomo humo yanabaki kuwa maji. Shida yake Ramadhani ni usingizi. Kahawa chungu ya barazani baada ya tarawehe inakukesha, ukikesha daku inakupita, na daku ikikupita umepoteza glasi zako mbili za mwisho.

2. Ugawe usiku wako

Katika Februari na Machi, Dar es Salaam tunafuturu karibu saa 12:40 jioni na adhana ya Alfajiri ni kama saa 11:15. Tanga, Unguja na Mombasa zinapishana nayo kwa dakika chache. Una saa kumi na nusu hivi za kula na kunywa, na humo utasali, utalala, utaamka. Gawa hivi:

Adhana ya Magharibi: glasi 1, pamoja na tende.
Ukitoka kwenye swala, kwenye futari: glasi 1, na bakuli la uji au supu.
Kabla ya Isha: glasi 1.
Baada ya tarawehe: glasi 2, zikienda taratibu ndani ya saa nzima.
Kabla ya kulala: glasi 1.
Ukiamka daku: glasi 1 papo hapo, hata kabla ya kugusa chakula, na nyingine 1 pamoja na chakula.

Hizo ndizo glasi nane. Usizibebe kichwani, zifunge kwenye mambo unayoyafanya kila siku: adhana, swala, kitanda. Na chupa iende nawe msikitini. Kati ya tarawehe kuna mapumziko mafupi, mafunda mawili matatu hapo yanatosha.

3. Futuru taratibu

Tende tatu na maji, kama ilivyo sunna, ni mwanzo mzuri. Tende inarudisha sukari mwilini haraka na ina potasiamu nyingi, lakini yenyewe ni kavu, ndiyo maana inataka maji yake. Kunywa glasi hiyo kwa mafunda, ukiwa umekaa. Kisha nenda kasali. Zile dakika kumi na tano zinalipa tumbo nafasi.

Kosa la kawaida: kumaliza jagi zima la juisi ya baridi kabla ya kuinuka kuswali. Tumbo linajaa, futari hailiki, na mpaka saa 3 usiku hutaki kuona maji. Umekunywa lita moja jioni, halafu hakuna kingine mpaka daku.

4. Pika futari yenye maji

Hapa ndipo wengi wanapopoteza, na ndipo mpishi wa nyumba ana kazi kubwa kuliko mfungaji mwenyewe. Sinia likijaa sambusa, bhajia, kaimati na mihogo ya kukaanga, ni futari iliyonona lakini imekauka. Pwani tumerithi futari za kila namna ambazo ndani yake maji yako tele. Zitangulize.

Uji uwe wa kila siku. Uji mwepesi wa mtama au ulezi, uji wa mchele wa tui la nazi, uji wa ngano wenye pilipili manga. Bakuli la mililita 300 lina maji yanayozidi glasi moja, na yanafika pamoja na wanga na chumvi kidogo, kwa hiyo hayakimbilii kwenye kibofu. Kwa asiye na hamu, ambaye haoni raha kunywa maji matupu, uji ndio mlango.

Supu na michuzi inafuata. Supu ya kuku, ya samaki, ya pweza, mtori wa ndizi, mchuzi mwepesi wa nyanya. Pika kwa chumvi chache na ongeza ladha kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga.

Magimbi, mihogo, viazi vitamu na ndizi za nazi nazo ni chakula chenye maji, mradi zimepikwa zikabaki na tui lake. Tumia tui la pili kwa wingi na tui zito kidogo mwishoni. Futari ya mihogo iliyokaushwa mpaka mafuta yanaogelea inakuletea kiu ya saa 5 usiku. Hata wali wa kawaida, karibu sehemu saba kati ya kumi za uzito wake ni maji. Mkate ni kama sehemu nne tu.

Kisha matunda na mboga mbichi. Tango ni maji kwa asilimia 95, nyanya karibu 94, tikiti maji kama 91, papai 88, chungwa 87, nanasi 86. Gramu 300 za tikiti, yaani vipande viwili vya wastani, zinakupa maji ya glasi nzima. Weka kachumbari ya nyanya na tango kwenye kila futari, ikamuliwe ndimu badala ya kumiminiwa chumvi. Tikiti lihifadhi la baada ya tarawehe, wakati tumbo limeshatulia. Kwa wanaorudi nyumbani wamechoka na hawawezi kupika, tango mbili, chungwa moja na bakuli la uji ni futari tosha kabisa ya kuanzia.

Tahadhari: matunda yaliyokwishakatwa barabarani, yanayokaa wazi kwenye vumbi na nzi, yaache hata kama adhana imekukuta njiani. Nunua chungwa zima au ndizi isiyomenywa. Barafu ya kwenye juisi ya miwa nayo uulize imetengenezwa kwa maji gani.

5. Punguza chumvi, hasa usiku wa manane

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja kidogo cha chai, na hapo ni pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na kwenye vidonge vya supu. Mtu aliyetoka jasho mchana kutwa anahitaji chumvi, sikatai, lakini chakula chake cha kawaida kinaitosheleza. Papa mkavu, ng'onda, dagaa waliokaushwa kwa chumvi, achari na chipsi za pakiti ni vitamu, nami navipenda. Vile vya chumvi kali viwe vya futari, ambapo bado una saa kumi za kunywa. Kwenye daku havina nafasi.

6. Juisi: tamu, lakini kwa mpaka

Ukwaju, ubuyu, mabungo, pasheni, nanasi na tangawizi. Ramadhani ya pwani bila jagi la juisi haijakamilika, na maji yaliyomo ndani yake ni maji halali ya kuhesabu. Sukari ndiyo ya kuangalia. Kijiko kikubwa kimoja cha sukari ni kama gramu 12, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku, ikiwezekana 25. Jagi la lita mbili lililowekwa kikombe kizima cha sukari, ukinywa glasi tatu umeshavuka kile kiwango cha 25. Punguza sukari nusu kila baada ya siku tatu. Ulimi unazoea, na ukwaju ukiwa mkali kidogo unakata kiu vizuri zaidi. Soda ni vivyo hivyo: chupa moja ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari.

Dafu ni zawadi. Lina potasiamu nyingi, sukari ya wastani, na moja hutoa kati ya glasi moja na mbili. Mwenye ugonjwa wa figo alikwepe kwa sababu ya hiyo potasiamu mpaka daktari amruhusu. Na aliyepata kuhara asitegemee dafu, kwa kuwa sodiamu yake ni ndogo. Huyo anahitaji ORS.

Maziwa yana sifa yake. Utafiti wa wataalamu wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha vinywaji mbalimbali kwa kupima mkojo uliotoka baada ya kuvinywa, na maziwa yakaonekana kukaa mwilini muda mrefu kuliko maji matupu, sawa na ORS. Protini, mafuta na chumvi zake asilia zinayachelewesha. Ndiyo maana nayataka kwenye daku.

7. Kula daku, tena ichelewe

Sunna ni kuchelewesha daku, na mwili unakubaliana nayo. Anayekula saa 6 usiku halafu akalala mpaka Alfajiri amejiongezea saa tano za kufunga. Amka saa 10 au 10:15. Glasi ya kwanza ya maji ikae kando ya kitanda, uinywe kabla hujasimama.

Daku iwe ya chakula kinachoshika maji: wali au ugali na mchuzi wa samaki, maharage, kunde au mbaazi za nazi, mchicha au kisamvu, ndizi mbivu, na glasi ya mtindi au maziwa mgando. Nyuzinyuzi za kunde na mboga hubaki na maji tumboni na kuyaachia polepole asubuhi. Wanaosema hawana hamu saa hizo, basi angalau uji mzito wa maziwa, tango moja na maji.

Kosa la kawaida: daku ya chai ya rangi na maandazi mawili tu. Saa 4 asubuhi kimekwisha chote, chakula na maji.

8. Mchana, linda maji uliyonayo

Kazi nzito juani inaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa. Hakuna daku duniani ya kufidia hilo. Kwa hiyo, ndugu yangu unayefyatua matofali, unayebeba zege, unayesukuma mkokoteni, hesabu yako kubwa iko kwenye saa za kazi kuliko kwenye glasi. Omba zamu ianze mapema, kazi ngumu iishe kabla ya saa 4 asubuhi, na kati ya saa 6 na 9 mchana ufanye ile ya kivulini. Waajiri wengi wanaelewa wakiambiwa kabla ya mwezi kuanza; wakiambiwa siku ile mtu ameanguka, wamechelewa.

Vaa nguo nyepesi, pana, za pamba. Kofia au kilemba. Kitambaa kilicholowanishwa maji weka shingoni, ukiloweshe tena kikikauka. Kuoga mchana hakuharibu saumu. Sukutua mdomo unapotawadha bila kuzidisha, utaona koo linapata nafuu. Mazoezi na mpira wa ufukweni yasogeze mpaka baada ya tarawehe, au nusu saa kabla ya futari kwa mazoezi mepesi.

9. Kagua mkojo mara mbili

Ukaguzi wa kwanza ni asubuhi kama saa 3, wa pili ni kabla ya kulala. Wa asubuhi ukiwa manjano hafifu, usiku wako ulikuwa mzuri. Alasiri utakuwa umekolea, hilo ni la kawaida kwa aliyefunga. Lakini kabla ya kulala unapaswa kuwa umerudi kwenye hafifu. Kama bado ni manjano iliyoiva, ongeza glasi moja kabla ya kulala na moja daku, siyo zote kwa pamoja. Vidonge vya vitamini B hufanya mkojo uwe wa njano kali na biti nyekundu huugeuza rangi, hivyo usivitumie siku unazojikagua.

Mwenye mizani anaweza kujipima baada ya daku na tena kabla ya futari. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji.

Mambo yakienda mrama

Nimekunywa glasi zote nane na bado nina kiu kali tangu asubuhi. Angalia daku kabla ya kulaumu maji. Mara nyingi kuna chumvi au vitu vya kukaanga. Kama daku ni safi na kiu haishi, na unakojoa sana usiku, nenda ukapime sukari. Kiu isiyokatika na kukojoa kwingi ni dalili za kisukari, na wapo wanaokigundua Ramadhani.

Kichwa kinagonga saa 8 mchana. Siku tatu za mwanzo, ni kahawa. Kikiendelea wiki ya pili, chunguza usingizi na zile glasi mbili za baada ya tarawehe, ndizo zinazosahaulika zaidi.

Naamka mara tatu usiku kukojoa. Umerundika maji mwishoni. Sogeza mengi kati ya Magharibi na saa 3 usiku, na glasi ya kabla ya kulala iwe nusu.

Choo kigumu. Hili ni la maji na nyuzinyuzi pamoja. Papai kwenye futari, kunde na mboga za majani kwenye daku, kaimati zipungue. Siku tatu nne zinatosha kuona tofauti.

Maji ya baridi sana yana madhara? Hayana, isipokuwa yanajaza tumbo na wengine yanawauma kichwa kwa dakika chache. Ukiyapenda, yanywe kwa mafunda.

Misuli ya mguu inakaza usiku. Umetoka jasho jingi na umerudisha maji matupu. Siku hiyo weka supu yenye chumvi ya kawaida, ndizi mbivu na mtindi. Ikijirudia kila usiku, onana na daktari.

Nikinywa lita tano nitakuwa salama zaidi? Hapana. Maji mengi mno kwa muda mfupi hupunguza sodiamu ya damu, nayo huleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata degedege. Ukiona mkojo mweupe kabisa usiku kucha, umezidisha.

Nimeharisha au kutapika. Pakiti ya ORS iyeyushe ndani ya lita moja ya maji salama, kama ilivyoandikwa. Huna pakiti, tumia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya usawa, ndani ya lita moja ya maji salama. Pima kwa kijiko, usikisie kwa mkono, chumvi ikizidi inadhuru. Ukiharisha mchana mfululizo, hiyo ni siku ya mgonjwa, fungua na unywe.

Bibi au babu hasemi ana kiu. Wazee kiu yao hufifia, mwili unaweza kukauka wala wasione haja. Usimwulize kama ana kiu, mpelekee kikombe kwa saa zilizopangwa na ukae naye mpaka kiishe.

Ninaye mtu mwenye kisukari anayefunga. Apime sukari mchana, kupima hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.7 kwa kipimo cha mmol/L, afungue, hata kama Magharibi imebaki robo saa.

Kizunguzungu kisichoisha hata ukilala, moyo kwenda mbio, kutokojoa tangu asubuhi mpaka alasiri, mkojo wa kahawia, maneno kuchanganyika, au kuzimia. Hapo hakuna mjadala. Fungua, kunywa kwa mafunda, lala kivulini. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na shekhe yeyote utakayemuuliza atakwambia hivyo. Ukimkuta mtu ngozi ina moto, amechanganyikiwa au amepoteza fahamu, usimlazimishe kunywa. Mwondoe juani, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na mpepee, huku mwenzako akitafuta gari la kumfikisha hospitali. Anza kumpoza hapo hapo, usingoje gari lifike.

Na utakayeunganisha na sita za Shawali, mpangilio wa glasi ni huu huu. Tofauti ni kwamba nyumba nzima haijafunga, hakuna wa kukuamsha daku wala jagi la pamoja mezani. Jaza chupa yako ya lita moja na nusu alasiri, andaa uji wako mwenyewe, na utege saa ya kukuamsha saa 10.